Redio Isiyotikisa Bati

Kwetu Kilosa redio hupimwa kwa bati. Ukiiwasha na paa lisitetemeke, na jirani asitoke nje kuuliza kuna nini, basi umepigwa, umeuziwa kopo. Mimi nikasema sinunui mtikisiko wa bati. Wakaniona nimeanza kuchanganyikiwa.

Nimesimama kwenye mashine yangu ya kusaga tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa. Mahindi ya watu nimeyasaga, na mashine nayo ikanisaga masikio. Daktari aliniambia bila kuzunguka: sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, na zikiondoka hazirudi. Nilitoka pale nikimuwaza mtu mmoja tu, dada yangu.

Dada alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu kule milimani. Alishafariki. Sauti yake imebaki kwenye kaseti moja iliyorekodiwa kanisani, na ubeti wa mwisho anauimba peke yake. Kabla hajaanza, unamsikia anavuta pumzi. Pumzi ile ndiyo dada yangu hasa, maana hata akitaka kukugombeza alianza nayo, ukajua leo umekwisha. Nilitaka niisikie vizuri kabla masikio hayajafunga duka.

Basi nikauza ufuta wangu. Nikatoa magunia kwenye chumba cha nyuma, nikapigilia silingi bodi ili mvua isinipigie kelele, nikatundika mablanketi ukutani. Kaka yetu mkubwa akaja, akasimama mlangoni.

"Chumba cha nini hiki?"

"Cha kusikilizia."

"Kusikilizia nini?"

"Nitakachotaka, kaka."

Akacheka, kisha akaingia kwenye lake. Mwanawe anaoa, kwa hiyo ninunue sabufa kubwa, itufae ukoo mzima.

Hapo ndipo penye kidonda. Kwenye ukoo wetu chochote chenye kelele ni cha wote. Zamani ilikuwa ngoma, sasa ni spika. Sabufa yangu ya kwanza ilikwenda harusini Rudewa, ikapitia kipaimara Magole, ikarudi kwangu imepasuka na punje za pilau ndani. Hakuna aliyesema hata pole. "Vitu ni vya kutumia," wakaniambia. Ala! Na aliyevinunua naye ni wa kutumiwa?

Tukaenda Mikumi dukani, kaka akinisindikiza bila kuombwa. Mwenye duka alikuwa mstaarabu, akaniamkia shikamoo mama, nikaitikia marahaba, akawasha sabufa lenye taa za rangi. Bati zikalia. Kaka akaweka kiganja juu ya spika, uso umemng'aa.

"Hii ndiyo!"

Nikatoa flashi niliyohamishiwa ile kaseti. "Weka hii."

Besi ikaunguruma, kwaya nzima ikazama. Dada hayupo. Nikasema leta nyingine. Hayupo. Nyingine tena, hayupo. Waliokaa kwenye benchi wakaanza kunicheka, eti mama anachagua spika utadhani anachagua mchumba. Nikawaambia mchumba ningemchagua hivi nisingeishia peke yangu. Kaka akasonya, akatoka nje kwa hasira.

Ndipo nikaona spika mbili za mbao, za mtumba, wamezifanya stuli ya televisheni.

"Hizo je?"

"Hizo mama hazina mdundo. Hakuna anayezitaka."

"Ziunganishe."

Akaziunganisha shingo upande. Bati zilikaa kimya kabisa. Kwaya ikaja, sauti moja moja, na ulipofika ubeti wa mwisho dada akavuta pumzi, palepale, kando ya friji zinazouzwa. Nililia mbele ya watu na sikuona haya. Waliokuwa wananicheka waliangalia chini.

Nikazinunua, nikarudi nazo nyumbani. Harusi ilipofika nilitoa mchele na mbuzi, spika sikutoa. Wakaniita mchoyo. Nikasema ndiyo, mchoyo mimi, kuna lingine?

Baada ya harusi kaka akaja alasiri moja kunisema rasmi, kofia mkononi. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwingiza chumbani, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikafunga mlango.

"Mbona haivumi?" akasema. "Ongeza sauti."

"Siongezi. Nyamaza usikilize."

Alikaa kwa kuudhika, miguu ikichezacheza. Kwaya ikaimba. Ubeti wa mwisho ulipofika nilimwona akishtuka, akashika mkono wa kiti.

"Anataka kutugombeza," akasema.

Akajifunika uso na kofia yake. Sikumgusa. Wimbo ulipokwisha akaniomba niurudie, nikaurudia.

Siku hizi anakuja kila Jumapili akitoka kanisani, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mimi ile pumzi siisikii tena. Masikio yamefika pale daktari alipopasema, na spika ya aina yoyote haitanirudishia. Lakini kiti changu nimekigeuza, kinatazamana na chake. Ubeti wa mwisho ukikaribia siangalii spika, namwangalia kaka. Akishtuka, najua dada amevuta pumzi.

Na spika zangu haziazimwi. Nani kasema? Nimesema mimi.