Tundu Nililoliziba

Kaka yangu alisema, "Ziba," nami nikaenda kuchanganya saruji. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika joto kali linalotangulia mvua za kwanza. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka katika tundu la ukuta juu ya baraza yetu, kama ilivyokuwa desturi yao. Mke wangu alikuwa ameshuka mjini Likasi, sokoni, na nilikuwa nimemwahidi kwamba nyuki hao hawataguswa bila yeye kujua. Nilipaswa kumjibu kaka yangu: hapana, kaka, tumngoje mke wangu arudi. Lilikuwa jibu fupi tu. Kinywa cha kulitoa nilikuwa nacho, nikakitumia kusema, "Ndiyo."

Nyumba yetu iko kwenye barabara ya Buluo. Tuliijenga nilipoacha kazi kiwandani, ambako nilikuwa fundi wa mabomba. Matofali tuliyachoma palepale kiwanjani kwa udongo wa kichuguu. Wajenzi walipokuwa wakipandisha ukuta, waliacha matundu ya kuingizia miti ya kusimamia, na walipomaliza wakayaziba yote isipokuwa moja, lililokuwa juu kabisa karibu na mabati. Niliwaambia waende tu, hilo nitaliziba mwenyewe. Sikuliziba. Kila aliyejenga anaijua kazi ndogo ya namna hiyo, inayobaki mpaka macho yakazoea kutoiona.

Nyigu ndio waliotangulia kututisha. Walijenga chini ya paa la jiko la nje, kiota cha kijivu kama karatasi iliyolowa na kukauka. Siku moja mke wangu aliinua mkono kuchukua ungo, wakamchoma shingoni. Mimi nikacheka, maana huku kwetu nani hajachomwa na nyigu? Kisha nikaona midomo yake imevimba, macho yamezibika, na pumzi inatoka kwa mluzi. Muuguzi wa kituo cha afya alimdunga sindano, akatuweka pale mpaka alipopumua vizuri, halafu akanigeukia mimi.

"Papa, mwili wa mama haupatane na hii sumu. Nyigu, nyuki, usijaribu hata moja. Akichomwa tena, inaweza kumufunga pumzi kabisa. Unasikia?"

"Nimesikia."

Tangu siku hiyo nikajipa kazi mpya. Kila asubuhi, kabla mke wangu hajaingia jikoni, nilipita na ufagio mrefu nikikagua chini ya paa, nyuma ya mlango, ndani ya mapipa matupu. Nikikuta kiota kinaanza, nilingoja jua lishuke, nyigu watulie, nikakichoma kwa fungu la majani makavu nililolifunga kwenye ncha ya mti. Yeye alikuwa akisimama mbali, mikono kiunoni, akinitania kwa jina tunalomwitia mlinzi wa lango.

"Sentinele! Nipite?"

"Pita, mama."

Ukawa mchezo wetu. Hata tukiwa na wageni aliuliza, nami nilijibu kwa saluti, na wageni hawakujua tunachekea nini.

Nyuki walikuja mwaka ambao miti ya porini ilichanua sana. Kundi zima lilitua kwenye mpapai wetu, likaning'inia pale kama mfuko, na siku iliyofuata likaingia katika lile tundu la ukuta. Nilitaka kuwamwagia mafuta ya taa saa ileile. Mke wangu ndiye aliyenizuia. Alikulia kando ya ziwa Tshangalele, na baba yake alikuwa akitundika mizinga ya maganda ya miti.

"Nyuki si nyigu, papa. Wacha bakae. Bako na kazi yao, habanitafute."

"Na muuguzi?"

"Muuguzi alisema nisichomwe. Hakusema nibachokoze."

Basi alipanga maisha yake pembeni mwa nyuki. Aliacha sabuni yenye manukato. Alipita mlango wa nyuma. Barazani hakukaa mchana. Akanifundisha pia kwamba nyuki wakikasirika hutoa harufu kama ya ndizi zilizoiva, na nikiisikia nisiulize kitu, nitoke. Tulimpata bwana mmoja wa upande wa Koni ambaye kazi yake ni kuhamisha nyuki na kuwatia mizingani. Alitazama ukuta, akasema atakuja mvua zikishika, atoe matofali machache na kuwachukua wote wazima. Mke wangu alikubali, kwa sharti moja.

"Siku mutabagusa, minye sitakuwa hapa. Nitaenda kulala kwa dada yangu mu cité, mbali na hapa. Weye unaniambia mbele. Ni hii tu naomba."

"Nakuahidi, mama."

Sasa nimseme kaka yangu, na nitajaribu kumsema kwa haki. Alikuwa mkubwa wangu mara mbili. Nyumbani nilimwita yaya, kama tunavyowaita waliotutangulia kuzaliwa, na kiwandani alikuwa msimamizi wa timu yetu. Bomba la asidi likivuja, alipaza sauti kwa neno moja tu, "Ziba!", nasi tukakimbia na vipande vya mpira na vibano. Sababu ilitafutwa baadaye. Ndivyo tulivyofundishwa, na kwa kweli ndivyo tulivyotoka mle tukiwa na ngozi zetu. Lakini nilikuwa nimelitii neno hilo kwa muda mrefu hata miguu yangu ilianza kwenda kabla sijafikiri.

Jumapili ile familia ya mchumba wa binti yetu, watu wa asili ya Kasai, ilikuwa ije kuleta mahari. Kaka yangu, akiwa mkubwa wa ukoo, ndiye angewapokea. Alifika Jumamosi asubuhi na mkungu wa ndizi mbivu kwa ajili ya wageni, akauweka mezani sebuleni, akatoka barazani kupanga viti. Akatazama juu.

"Mudogo, hii ni nini?"

"Ni nyuki, yaya."

"Naona ni nyuki, siko kipofu! Bakwe bakuye kesho na makoti yao, bakae hapa chini, nyuki aingie mu kola ya baba mukwe, yee aanze kurukaruka mbele ya bantu? Bataenda kusema mutoto wetu tulimutoa mu muzinga."

Nilicheka kwa sababu ilichekesha. Kisha nikasema, "Mama alisema tungoje. Iko bwana mumoja wa Koni..."

"Mama alisema! Ku kazi, ni mama alikuwa anaziba mabomba? Bon. Saruji iko?"

"Iko."

"Ziba. Bakikosa hewa, mpaka mangaribi bote bamekufa. Mama akirudi, hataona kintu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonishinda. Niliona nyumba iliyotulia, wageni wamekaa vizuri, na mke wangu hana la kuniuliza.

Nilivaa koti la mvua na kujifunika chandarua kichwani. Kaka yangu alikaa chini akipuliza moshi wa magunzi ya mahindi kwenye sufuria kuukuu. Nilipanda ngazi, nikasukuma kipande cha tofali ndani ya tundu, nikakipiga saruji pande zote, nikalainisha kwa mwiko. Ilikuwa kazi nzuri. Nyuki waliokuwa nje walizunguka wakitafuta mlango wao. Ndani ya ukuta mlio ulipanda kama mashine inayowashwa, ukakaa hivyo, kisha ukaanza kushuka.

"Unasikia?" kaka yangu akasema. "Imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Nyuki walikuwa wamehama tu. Nyuma ya ukuta ule kipo chumba chetu cha kulala, na juu ya kitanda, mahali waya wa umeme unapopita kwenye dari, kuna mwanya. Mimi niliyewafundisha vijana kiwandani kwamba ukiziba maji hapa yatatokea kule, sikujiuliza hata kidogo nyuki watatokea wapi.

Mke wangu alirudi jua likiwa utosini, beseni la samaki kichwani, jasho likimtiririka. Alizunguka nyuma ya nyumba kama kawaida yake ili asiwasumbue nyuki, na kwa sababu hiyo hakuiona saruji mbichi. Alitukuta kivulini kando ya jiko tukinywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Akamsalimu shemeji yake, akatua beseni, akanigeukia.

"Sentinele, nipite?"

Kaka yangu alinikonyeza.

"Pita, mama," nikasema.

Alisema atajinyoosha kidogo kabla ya kuparua samaki. Nikamwambia alale, asihangaike. Nilikuwa nimeamua kumwambia jioni, mambo yakiwa yamekwisha, tena kwa mzaha.

Baadaye niliingia sebuleni kuchukua kikombe kingine, maana changu kilikuwa kimeingiwa na nzi. Palikuwa na harufu kali ya ndizi mbivu. Niliutazama mkungu mezani, nikawaza kwamba kaka yangu amenunua ndizi zilizopitiliza, kesho zitakuwa nyeusi. Nikachukua kikombe, nikatoka.

Nilikuwa sijakaa nilipomsikia mke wangu akiita kutoka chumbani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Papa."

Nilipofungua mlango wa chumba, nyuki walikuwa wametanda kwenye dirisha na kwenye shuka. Yeye alikuwa ameketi kitandani, kitenge amejifunika kichwani, mikono yake imejaa nyuki. Nilimbeba. Kaka yangu aliingia mbio na blanketi, akatufunika wote wawili, na yeye mwenyewe akachomwa vibaya usoni, hilo silisahau. Tulisimamisha pikipiki barabarani, nikamshika mke wangu katikati yangu na dereva, shingo yake ikilegea begani kwangu, na ule mluzi wa pumzi ukizidi kuwa mwembamba.

Muuguzi alikuwa yuleyule. Aliinua macho mara moja tu.

"Papa, nilikuambia."

Alimdunga, kisha gari likapatikana la kutupeleka hospitali mjini. Hakufa. Kulipopambazuka alikuwa akipumua, ingawa uso wake nisingeutambua kama nisingejua ni yeye.

Jumapili wakwe walikuja hospitalini badala ya nyumbani, na makoti yao, wakasimama kando ya kitanda wakishika kofia. Baba wa kijana akamwambia mke wangu, "Mama, ndoa haina miguu, haiwezi kukimbia. Weye upone kwanza." Watoto walioana baadaye, vizuri, na hakuna aliyetucheka.

Sauti yake iliporudi, mke wangu aliniuliza maswali machache.

"Mulibagusa?"

"Ndiyo."

"Wakati niliingia mu nyumba, ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza nipite."

"Uliniuliza, mama."

Akageukia upande wa ukuta.

Nje, uani mwa hospitali, kaka yangu alikuwa ameketi na jicho moja limefungwa kwa uvimbe. Nilimwendea na hasira. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mudogo, minye nilisema ziba. Juu ya nini hukuniambia mama ni mugonjwa wa hii bintu?"

Ni kweli, hakujua maneno ya muuguzi. Nilikuwa nimemwambia, "Mama alisema tungoje," kama mtu anayesimulia kwamba mke hataki kelele ndani ya nyumba. Ningesema, "Yaya, mke wangu anaweza kufa," angeupeleka mwiko ule mwenyewe ghalani. Niliona haya kuonekana mbele yake mume mwenye hofu. Tangu hapo nimeacha kumlaumu.

Bwana wa Koni alikuja mvua zilipoanza. Alitoa matofali, akachukua masega na nyuki waliobaki, nasi tukaziba kila mwanya, hata ule wa waya. Nilipomaliza kupaka chokaa nilisafiri mpaka Lubumbashi, kwa binti yetu aliyekuwa akiishi huko, ambako mke wangu alikwenda alipotoka hospitali. Alinipikia bukari, ugali wetu wa huku, na majani ya mihogo. Nilipomaliza kula nikasema:

"Nyumba ni safi sasa. Haina hata nyuki mumoja."

"Naamini."

"Basi turudi, mama."

Alikusanya sahani polepole.

"Papa, minye sikuogopa nyuki. Nilikaa nabo, nililala nyuma ya ukuta yabo, habakunifanya kintu. Naogopa siku muntu mwingine atakuya kukuambia jambo, weye uitike, na minye nimelala mule ndani."

Nilisema nimebadilika. Alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayekataa chakula kwa sababu ameshiba. Hakuwa na hasira. Alinipigia pasi shati la kusafiria na kunisindikiza mpaka kwenye gari, na nimekwenda tena mara nyingi tangu wakati huo, na kila mara ni hivyohivyo: chakula, shati, kusindikizwa.

Asubuhi bado nachukua ufagio mrefu, nakagua chini ya paa la jiko, nyuma ya mlango, ndani ya mapipa. Nikikuta kiota nakichoma. Kisha naingia kupika mwenyewe.

Mke wangu yuko hai, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hakurudi, wala hatarudi. Sikumkatalia kaka yangu asubuhi ile, na kwa hiyo ninazeeka peke yangu katika nyumba niliyoijenga nizeeke naye.