Maji Juu ya Twiga Wekundu

Shaka lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini lilihusu maji. Nilikuwa nimetoka chuoni nikiwa na cheti, nikapangisha chumba Ruiru, na sikuwa na hakika ya jambo lolote. Hata chai niliifikiria mara mbili kabla ya kuinywa.

Siku ya kwanza nilipelekwa ng'ambo ya Thika, upande mkavu wa Gatuanyaga. Wachimba mawe walikuwa wamefyeka vichaka ili wapasue mwamba, wakafungua pango. Ukutani palikuwa na michoro ya watu wa zamani sana: twiga watatu na kitu kama mwindaji, vyote kwa ngeu, yaani udongo mwekundu uliosagwa na kuchanganywa na mafuta. Wambugu, fundi wa baruti, ndiye aliyeiona kwanza. Alikuwa amekwisha kutoboa matundu ya baruti, akakataa kuyajaza.

"Mwalimu," aliniambia, maana kila aliyesoma alikuwa mwalimu kwake, "nimeuliza kijiji kizima, hakuna aliyepoteza twiga. Sasa nilipue mali ya nani?"

Kazi yangu ilikuwa kunakili. Unatundika karatasi nyembamba inayopenyeza mwanga mbele ya ukuta bila kuugusa, kisha unafuata mistari kwa penseli. Lakini michoro ilikuwa imefifia, na siku hizo wakubwa wetu wote walikuwa na dawa moja: kulowesha mwamba. Maji yakipita, rangi hung'aa kana kwamba imepakwa jana. Mkuu wangu, Bwana Msimamizi wa Mambo ya Kale, alinionyesha mwenyewe kwenye kona ya ukuta. Nilipopangusa matone kwa kitambaa cheupe, kitambaa kilibaki na wekundu. Ilikuwa rangi, au vumbi tu la Gatuanyaga ambalo hutia wekundu hata kola ya shati? Nilikichunguza kitambaa kile wiki nzima. Nilipomwuliza Bwana Msimamizi, alijibu kwa Kiswahili chake cha kizungu: "Wewe iko fikiri mingi sana."

Mwenye machimbo naye alikuwa amechoka kungoja. Alisema atakuja Jumamosi kutazama. Asipoona kitu cha maana, baruti ijazwe alasiri hiyohiyo. Ndiyo maana maji yalihitajika. Bila maji angeona mwamba mtupu. Na kwa maji tungeiokoa michoro kwa kuifuta.

Alifika mchana, jua likiwa utosini na pango likiwa na giza.

"Naona ukuta," alisema.

Bwana Msimamizi akanigeukia. "Lete ndoo. Mwaga."

Niliishika ndoo. Nikatoka nayo nje, nikayamwaga maji yote mchangani.

"Bwana," nilisema, "pango hili linatazama magharibi. Jua likishuka litaingia lenyewe. Tungoje."

"Mto ni mbali kutoka hapa," Bwana Msimamizi alisema polepole.

Mwenye machimbo alitazama saa yake, kisha akaketi juu ya jiwe, labda kwa kutaka tu kuona nitakavyofukuzwa. Wambugu hakuketi. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Watu wa kijiji chake walitakiwa kuwa ndani ya uzio kabla ya giza, na kuchelewa kungemtia kizuizini.

"Nenda, baba," nilimwambia.

"Nikienda, nani atafukia matundu yangu? Wewe hata sururu hujui kuishika." Akabaki, akilitazama jua kuliko nilivyolitazama mimi.

Vijana mnaoingia kazi hii huniuliza siku ile nilijuaje. Sikujua. Nilihamishwa kutoka Ruiru kwa utovu wa adabu, nikatumikia wasimamizi wengine hadi nami nikawa msimamizi, na nimestaafu nikiwa bado sijui ule wekundu wa kitambaa ulikuwa nini. Kazi yetu ina makosa ya aina mbili. Kuna linaloweza kurekebishwa kesho, na kuna lile lisilo na kesho. Wakati huo nilikuwa na muda wa kutenganisha hayo mawili tu.

Jua liliingia kwanza sakafuni, likapanda ukutani taratibu. Shingo ya twiga wa kwanza ikatokea, kisha mgongo, kisha wale wengine, na mwindaji nyuma yao akiwa ameinama. Mwenye machimbo alisimama, akavua kofia, akasogea, akanyoosha kidole.

"Usiguse," nikamwambia.

Akautia mkono mfukoni, akamwambia Wambugu ayafukie matundu kwa udongo upesi, ili yeye amrudishe kijijini kwa gari lake kabla ya giza.