Gurudumu Upande wa Huku

Baba yao alipofariki, Nachhatar Singh na mdogo wake Mukhtiar waligawana kila kitu nusu kwa nusu: shamba la ngano, nyati wa kufugwa, hata ua wa nyumba, wakapitisha ukuta wa matofali katikati. Ilipofika zamu ya injini ya marehemu, ile ya kukatia majani ya mifugo, hakuna aliyekubali kuiachia. Basi Mukhtiar akachukua injini, Nachhatar akachukua gurudumu lake zito la chuma. Majirani, wakijua kwamba ndugu wakigombana ni heri ushike jembe ukalime, walishika majembe yao.

Nachhatar alikuwa na hesabu yake. Injini bila gurudumu ni mzoga. Iko siku mdogo wake atakuja kuvua kilemba na kukiweka miguuni pake, aombe. Akaliegemeza gurudumu zizini, akasubiri. Miaka ikapita, kutu ikala, hodi haikuja.

Majira fulani ya baridi, haradali ikiwa imechanua manjano mashambani, nyundo ilianza kulia ng'ambo ya ukuta. Nachhatar alitambua kila mlio. Hiyo ni pistoni iliyokwama, inagongwa kwa kipande cha mti. Hiyo ni tupa, inakwangua kutu. Harufu ya dizeli ilipanda ukuta ikamkuta anakunywa chai, na chai ikamchachia mdomoni.

"Anaiua," alimwambia mkewe, Jasmel. "Mikono yake ni ya kukamua nyati."

"Ndiyo maana umebandika sikio ukutani?"

"Ukuta una ufa. Nauangalia."

Ufa aliokuwa nao ni wa zamani. Mzee alimfundisha yeye kulima, lakini hendeli ya kuwashia injini alimkabidhi Mukhtiar. "Huyu ana mkono mwepesi," alisema, na Nachhatar, aliyekuwa amesimama hapo na ndoo ya maji, hakuwahi kuitua ndoo ile moyoni.

Kisha trekta likaleta gurudumu jipya kutoka kwa wasubu chuma wa mji wa Batala. Nachhatar alilichungulia kutoka darini. Jeusi, linang'aa kama nyati aliyetoka kuogeshwa. Likiikubali injini, lile la kwake litabaki chuma chakavu, na sauti ya injini ya baba itakuwa mali ya Mukhtiar peke yake.

Asubuhi injini ikawashwa. Mukhtiar hakusahau hata kopo la bati ambalo mzee alilifunikiza juu ya bomba la moshi, likaipa injini sauti ya njiwa, hata kijiji cha pili wakijua ni ya nani. Kuu-tu, kuu-tu. Halafu injini ikaanza kuchechemea. Gurudumu jipya lilielemea upande mmoja. Injini ikaruka-ruka kwenye nati zake, ikazimwa.

Nachhatar akacheka, akaomba mkate mwingine wa roti. Ikawashwa tena, ikachechemea tena, na safari hii kicheko hakikuja. Ilikuwa kama kumsikia baba akikohoa mbele za watu.

Akalisugua gurudumu lake kwa mchanga na dizeli, akalibingirisha kuuzunguka ukuta, akaingia langoni kwa mdogo wake huku anahema.

Mukhtiar aliinuka, mikono imejaa grisi. "Kaka. Umepotea njia?"

"Sikuja kwako. Nimeifuata injini. Inalia kama punda mwenye kwikwi. Na hendeli nashika mimi."

Mukhtiar aliitazama hendeli. "Unajua kwa nini mzee alinipa hii? Nibaki nyumbani. Wewe ndiye ambaye alikuwa akitembea nawe shambani alfajiri. Mimi nilikuwa nawachungulia tu."

Nachhatar akanyoosha mkono. "Lete hendeli," akasema.

Wakafunga gurudumu la zamani. Nachhatar akazungusha kwa pupa. Injini ikapiga chafya, ikanyamaza.

"Polepole, kaka. Ngoja ishike kasi, ndipo nifunge valvu."

Akazungusha polepole. Injini ikaitika, ikatulia, ikaita njiwa wake moja kwa moja bila kukwaa.

Majirani wakaanza kujaa langoni. Mama Dhanno, mjane wa jirani, akajifuta macho kwa ushungi. "Mukhtiar, mwanangu, Mungu akuzidishie. Umemfufua mzee."

Nachhatar alikuwa bado na hendeli mkononi. Wivu ukamchoma palepale, mbichi kama wa siku ya ndoo. Hakuondoka. Aliiweka hendeli chini, akachukua tambara, akachutama kando ya gurudumu linalozunguka, akaanza kuifuta injini, taratibu, akiwa amekaa upande ule ambao kila mtu aliyekuwa langoni angemwona.