Matawi ya Mchikichi kwa Chumba cha Papa

Ninapoogopa, ninapanga vitu. Wakati papa, baba yangu, alipokuwa amelazwa kwa sababu ya kifua, mama alikaa kando ya kitanda chake hospitalini, nami nikabaki nyumbani kwetu Majengo, nikipambana na chumba kimoja.

Muuguzi alikuwa amemwambia mama kwamba papa akirudi asilale tena penye harufu ya rangi wala penye vumbi. Chumba chake kilikuwa na vyote viwili. Nyumba yetu ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya volkano, na lile vumbi jeusi hupenya kila ufa. Kuta za ndani tulikuwa tumezibandika makaratasi ya zamani, kisha papa mwenyewe akayapaka rangi ya mafuta ambayo haikuacha kunuka. Juu, mahali pa dari, palikuwa na shitingi, turubai la plastiki lililoshika joto mchana na kudondosha jasho asubuhi.

Sijasomea kupamba nyumba. Nilijifunza kwenye simu, nikitazama picha za vyumba vya mbali vyenye mbao tupu, mikeka, majani na mwanga mwingi. Picha hazisemi mtu aanzie wapi. Mimi nilianzia kwa bibi, mama yake papa, ambaye kule Rutshuru alizoea kupaka nyumba yake udongo mweupe tunaouita ingwa. Katika chumba chake sikumbuki mtu aliyekohoa, au labda ndivyo ninavyotaka kukumbuka.

Nikabandua makaratasi. Nikakwangua rangi hadi vidole vikachubuka. Nikasokota nyuzi za mgomba na kuziba nyufa kati ya ubao na ubao. Ingwa nilinunua sokoni kwa mama mmoja anayetoka upande wa Rutshuru. Nikaichanganya na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ishike kwenye mbao. Ukuta wa kwanza ulikauka na mabaka. Nikauosha wote, nikaanza upya. Nilivuta uzi kutoka kona hadi kona ili mstari wa chini usipinde, na ulipopinda kidogo tu, kiasi ambacho hakuna mtu angeona, nikaosha tena. Naona haya kuandika hivi, lakini niliamini kwamba ukuta ukinyooka, papa atapona. Sikumwambia mtu. Nilijua jinsi ingesikika.

Ikabaki dari. Nilitaka kuondoa shitingi na kusuka kitu kinachopitisha hewa. Huko Himbi, kwenye uwanja mmoja karibu na ziwa, mtunza bustani alikuwa amepogoa michikichi ya mapambo, akaniambia nichukue nitakacho. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaniletea mzigo mzima, akaumwaga mbele ya lango na kwenda zake. Matawi yalikuwa mazuri, mabichi, marefu kunishinda. Kabla ya kuyasuka yalipaswa kupata upepo na kukung'utwa vumbi. Basi nikayasimamisha nje, nikiyaegemeza kwenye ua pande mbili za lango, marefu mwanzoni, mafupi yakifuatia, upande mmoja sawa na mwingine. Nikarudi nyuma hadi barabarani nitazame. Yalikuwa yamenyooka vizuri. Niliridhika, jambo ambalo hunitokea mara chache.

Katika mji wetu kila mtu anajua maana ya matawi ya mchikichi yaliyosimamishwa kwenye njia mbele ya nyumba. Maana yake ni kwamba humo kuna matanga, kuna mtu amekufa. Mimi pia nilijua, kama ninavyojua jina langu. Lakini asubuhi ile niliona dari tu.

Nilikuwa ninapaka ukuta wa mwisho, ule wa kando ya kitanda, niliposikia mwanamke akilia nje.

"Yesu wangu weee! Muzee weee!"

Ilikuwa sauti ya jirani yetu anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia. Nikawaza: wamejua kabla yangu. Mama ameshindwa kuniambia, amewapigia wao.

Nikatoka, mikono myeupe hadi viwikoni. Aliponiona alinikumbatia kwa nguvu.

"Mutoto wangu, ametuacha?"

Hakuuliza kama mtu anayetaka jibu. Nikaanza kulia, na kilio changu kikamthibitishia. Hivyo ndivyo tulivyomuua papa sisi wawili, yeye akiamini matawi yangu, mimi nikiamini machozi yake.

Watu wakajaa. Viti vya plastiki vikaletwa, vijana wakaanza kufunga turubai, redio za jirani zikazimwa. Wanawake waliniketisha kwenye mkeka, mmoja akanifunga kitambaa kichwani. Ndipo muzee mmoja wa mtaa, fundi wa viatu, akainama na kuniuliza kwa upole:

"Amekufa saa ngapi, mutoto?"

"Sijui, muzee. Ni ninyi mumeniambia."

Fundi akainua uso, akamtazama mama wa makala.

"Sisi?" akasema mama wa makala. "Shi ni weye uliweka matawi!"

Niligeuka nikatazama lango. Nikatafuta simu, vidole vikiteleza kwa ingwa. Mama alipokea, na nyuma yake nilisikia honi.

"Tuko mu taxi," akasema. "Wamemuachilia. Papa yako anauliza kama utamupikia uji. Na weye, unalia nini?"

"Yuko muzima," nikawaambia watu. Fundi wa viatu alikuwa ameshasimama.

"Muondoe ile matawi! Haraka!"

Vijana wakayaburuta nyuma ya nyumba. Lakini viti vilikuwa bado pale, na turubai lilikuwa limefungwa upande mmoja, gari lilipofika. Papa alishuka polepole, ameshika bega la mama. Alikuwa amepungua sana. Akawatazama watu mmoja mmoja.

"Batu bengi hivi," akasema. "Nani amekufa?"

Mama wa makala akasogea mbele, uso bado umelowa:

"Ni weye, muzee. Lakini karibu."

Papa akacheka. Wote wakacheka. Kisha kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Tulisimama tukingoja pumzi yake irudi. Ilichelewa. Ilipopatikana, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Sasa mumeshakuja, mukae," akasema. "Na yule rafiki yangu wa nyumba ya nyuma, hakuja kunililia?"

"Anatafuta koti ya kuvaa ku matanga," kijana mmoja akamjibu.

Nikakumbuka chumba. Nilipoingia, mama wa makala na wenzake wawili walikuwa humo tayari, wamechota ingwa kwenye beseni na kuipaka kwa viganja vitupu. Vidole vyao viliacha mawimbi ukuta mzima, na mstari wangu wa uzi ulikuwa umefunikwa.

"Mama, si hivyo. Inapaswa kunyooka."

"Inyooke inaenda wapi?" akasema mama wa makala bila kugeuka. "Papa yako anataka kulala. Fungua ile dirisha."

Nilifungua dirisha. Ukuta ulikauka kwa upepo huku papa akikaa nje katikati ya waliokuja kumlilia. Matawi, mama yangu alikataa yaingizwe ndani, na sikubishana naye. Niliondoa shitingi, bati likabaki wazi.

Jioni tulimwingiza papa. Alilala akiuelekea ukuta. Pumzi yake bado ilikuwa na mluzi uleule. Ukuta haukuwa umemponya, na nilijua sasa kwamba hata ule wangu uliopimwa kwa uzi usingemponya. Aliinua mkono, akauweka juu ya alama ya kiganja cha mtu.

"Hapa alipaka nani?"

"Waliokuja kukulilia, papa."

Aliuacha mkono pale, akafumba macho, nami nikabaki mlangoni, nikisikiliza pumzi ikiingia, na ikitoka.