Sidii Zinazoanza Zenyewe

Nilikuwa Keko kwa fundi anayenitengenezea kitanda, akaja mtaalamu wa mradi, kafunga tai, anawagawia maseremala sidii za mafunzo.

“Humu mna picha za useremala wa kisasa. Ukiiweka tu kwenye kompyuta, inaanza yenyewe.”

Huko Keko hata umeme hauanzi wenyewe. Fundi wangu alitazama randa, akatazama msumeno, akasaini kupokea sidii kumi.

Wiki hii mtaalamu alirudi kukagua. “Mnazitumia?”

“Kila siku, bosi. Zimetuishia. Utaleta lini nyingine?”

Mtaalamu akafurahi, akaandika kwenye daftari kuwa mafundi wameupokea mradi kwa mikono miwili. Aliandika akiwa amekaa kwenye kitanda changu, kaegemea ubao wa kichwani, ambako sidii zake nne zimepigiliwa misumari kama maua.