Yule Mwanamke Aliyeshika Tama

Sydney ilipofungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Blacktown. Wageni walipigwa marufuku. Chumba cha mwisho alikaa bwana mmoja aliyefundisha historia maisha yake yote. Nilimwita Mzee, nikamweleza maana yake, akalipenda jina hilo. Mwanawe alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Baadaye hata simu zikakoma.

Siku moja, nilipomaliza kumwogesha, aliniambia nifungue droo ya soksi. Ndani mlikuwa na sarafu ya dhahabu ya Warumi, ndogo kama kifungo cha koti.

"Ishike," akasema.

Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha kaisari, shingo nene, na taji la majani. Upande wa pili, mwanamke ameketi chini, kashika tama.

"Nani huyu?"

"Yudea, nchi ya Wayahudi. Warumi waliichoma Yerusalemu, kisha wakakipiga chapa kilio chake kwenye dhahabu, watu wote wakione."

"Na dhahabu yenyewe aliichimba nani?"

"Watumwa, nadhani. Sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hilo."

Nikamsimulia. Kwetu, Kivu ya Kusini, mama yangu alitwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu cha chuma, nami nikichekecha unga wake. Jioni tulikuwa weupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Dhahabu ilichukuliwa na wengine. Vumbi likabaki kifuani mwa mama. Wiki ile alikuwa amelazwa Bukavu, pumzi imembana, nami huku mipaka imefungwa.

"Atapona?" Mzee akauliza.

"Hapana."

Hakunipa maneno matamu. Alinishika mkono tu, tukakaa hivyo mpaka kengele ya chumba kingine ikalia.

Mama alifariki Alhamisi. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nikiwa chumba cha mapumziko, picha ikikatikakatika. Kaburi sikuliona. Mtandao uliporudi, watu walikuwa wanaondoka. Nikavaa barakoa, nikaenda kugawa chai.

Mwezi uliofuata ugonjwa uliingia pale kazini. Mzee aliugua miongoni mwa wa kwanza. Nami nilipimwa, nikakutwa nao, nikajifungia chumbani nyumbani, wanangu wakiniwekea chakula mlangoni na kunisemesha kwa Kiingereza kupitia mbao za mlango.

Niliporudi kazini, kitanda cha Mzee kilikuwa kimevuliwa mashuka. Droo zilikuwa tupu.

"Mwanawe alikuja?" nilimuuliza nesi wa zamu, Mkenya.

"Hapana, dada. Alituma watu wachukue vitu."

"Na alipokata roho, alikuwa na nani?"

Nesi akatazama sakafu. "Nilikuwa naye mwanzoni. Halafu wakaniita chumba cha pili."

Nilifuta meza na reli za kitanda kwa dawa. Mchana wakamleta humo bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Akaniuliza binti yake atakuja saa ngapi. Nikamwambia sijui.