Nukta ya Isidore
Sekretere wa chuo pale Kindu hugonga kompyuta kwa nguvu, kama ile mashine ya kuandikia aliyoanzia kazi, na karatasi haitoki mezani kwake bila nukta ya mwisho. Chuo kilipoleta programu ya bure ya kuandikia, alinuna.

"Mama, hii njo nzuri," fundi aliyeiweka akamwambia. "Hata mafaili ya zamani inafungua."

Basi mama akatoa mkobani flashi yenye faili iliyogoma kufunguka miaka yote: kazi ya kumaliza masomo ya mchumba wake Isidore, aliyekimbilia mji wa Kama wakati wa vita, asirudi. Ikafunguka. Sentensi ya mwisho ilikatikia katikati. Kidole chake kikaelekea kwenye nukta, kikasita, kikarudi.

"Mwenyewe atamalizia," akasema.